Gaju, Dola ya Fedha Niliyoing'arisha

Nipeni kijiko chochote nikishike, hata mkinifunga kitambaa machoni, nitawaambia kama ni fedha au ni uongo. Fedha ni nzito kuliko inavyoonekana, na haikawii kupokea joto. Ukiishika, hujamaliza kuhesabu kumi, imeshakuwa na joto la kiganja chako kama mtoto uliyempakata. Bati haliwezi hivyo. Chuma hakiwezi. Mikono yangu imefanya kazi moja tu tangu ujana, kung'arisha, na ninyi mnaoanza kazi kwenye mahoteli ya hapa Louisville, wewe Belyse, na wewe Fabiola, na yule kijana wa Mama Josiane anayeficha viganja vyake vilivyochubuka kana kwamba kaiba, nataka kuwaambia habari ya dola ya fedha, sarafu ya zamani ya Kimarekani, niliyomnunulia mjukuu wangu Nadine alipomaliza chuo mwaka jana. Kazi yote imo ndani yake. Kosa langu pia limo, na ni kosa la mtu anayejua kazi. Asiyejua hukosea kidogo kidogo, maana anaogopa. Anayejua haogopi, ndiyo maana huharibu kweli kweli!

Mimi nimesoma darasa la tatu. Kazi nilianzia kwa masista, upande wa Kasulu, baada ya kukimbia Burundi na nguo ya mwilini. Nilisugua sufuria zao kwa majivu na mchanga laini wa mtoni, mpaka siku moja Sista Imakulata, aliyekuwa mkubwa wa jiko, akaziona akasema, "Huyu atolewe jikoni, apewe vikombe vya misa." Ndipo niliposhika fedha kwa mara ya kwanza. Nikaanza kuisugua kama sufuria. Sista akanishika mkono. "Daphroza, taratibu. Unasugua kama vile kikombe kinakudai."

Hilo ni la kwanza, lishikeni. Nguvu ni za sufuria. Fedha inataka kurudiwa.

Nilipoletwa Louisville nilikuwa tayari bibi. Kiingereza changu kilikuwa maneno manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa jina langu. Nikapelekwa kwenye hoteli moja kubwa katikati ya mji, chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha kinachoitwa chumba cha fedha. Uma, visu, sinia, birika, vijiko vya kila umbo, na vile vikombe vidogo vinavyotakiwa kwa mamia kila majuma ya mbio za farasi yakikaribia. Mkuu wa chumba alikuwa Miss Loretta, mama Mwamerika mweusi, mrefu, mwenye miwani ya kufungwa kwa mnyororo. Siku ya kwanza hakuniuliza kitu. Alinipa kijiko kimoja kilichosawijika na fulana kuukuu ya pamba. Nikakifanyia kazi. Akakiangalia, akakigeuza, akanipa sinia.

Basi tukaelewana. Kwa miaka yote ile tuliongea zaidi kwa vijiko.

Msidhani sikukosea. Mwezi wangu wa pili niliona uma zinatawanyika ovyo kwenye droo, nikasema huu ni uvivu. Nikazipanga kumi kumi, nikazifunga kwa mipira, ile ya kufungia pesa au mboga. Ilipendeza! Nikamwonyesha Marisol, yule dada wa Honduras aliyefanya kazi pembeni yangu, naye akanipigia makofi. Jumatatu tukafungua droo: kila uma una mstari mweusi kiunoni, kama wafungwa waliovaa mikanda. Mpira na fedha ni maadui. Yai na fedha ni maadui pia, kijiko kilichokula yai kioshwe hapo hapo. Miss Loretta hakunigombeza. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, tukasugua uma zile zote wawili, siku mbili nzima, yeye akiimba nyimbo za kanisani kwao na mimi za kwetu. Alipomaliza ya mwisho alisema, "Sasa hutasahau." Sijasahau.

Na mbinu zikabadilika, kama zitakavyowabadilikia ninyi. Walileta mashine, pipa linalozunguka lenye vigololi vya chuma ndani. Unatupia vijiko, linapiga kelele kama mvua ya mawe kwenye mabati, vinatoka vinang'aa. Vinang'aa, lakini havina uso. Halafu bosi wetu Craig akaja na habari kwamba hoteli imenunua vijiko vya chuma kisichoshika kutu, fedha zote zinauzwa. Miss Loretta na mimi tukaondoka majira yale yale ya kuchipua.

Siku ya kuagana ndipo aliponionyesha dola yake. Aliitoa kwenye pochi, kwenye kitambaa, inang'aa kama kioo. Babu yake alimpa alipomaliza sekondari, wa kwanza kumaliza kwao.

"Kwetu wa kwanza kumaliza hupewa dola ya fedha," alisema. "Pesa ya karatasi ingeliwa kabla ya Jumapili. Hii hakuna aliyethubutu kuila."

Nikaiweka akilini. Na miezi michache baadaye simu ikalia, ni Nadine kutoka Buffalo: "Bibi, mwezi wa tano natoka chuo!" Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwetu Burundi mtoto akifanya jambo kubwa namna hii, hupewa ng'ombe. Ng'ombe ana jina, anazaa, na watoto wa watoto watasema huyu alitoka kwa bibi. Nikamwambia mwanangu Deo ninayekaa naye hapa mtaa wa Highview kwamba ningependa kumpa Nadine ng'ombe.

"Mama," akasema Deo bila kuacha kula, "utamfunga wapi? Kwenye ngazi za apatimenti? Anakaa ghorofa ya tatu."

"Basi nampa dola ya fedha."

"Mpe dola za kawaida, nyingi. Atalipia umeme."

"Umeme utaisha."

Nataka mnielewe hapa, maana hapa ndipo moyo wangu ulipokuwa. Nyumbani kwetu hakuna kitu hata kimoja chenye umri wa kunizidi mimi. Tumekimbia mara mbili. Sufuria ya mama yangu tuliiacha jikoni Burundi na maharage ndani, motoni. Nikiulizwa na wajukuu, "Bibi, hiki kilikuwa cha nani?" jibu ni lile lile, nilikinunua dukani mwaka juzi. Nilitaka Nadine, wa kwanza wetu kumaliza chuo, awe na kitu ambacho siku moja mjukuu wake atakishika aulize, na apewe jibu.

Tukaanza kutafuta. Jumamosi ya kwanza Deo alinipeleka soko la mitumba, na pale palikuwa na mwanamume mwenye kofia pana, amepanga dola za fedha kwenye kitambaa cheusi. Mimi huuliza jina kabla ya bei. Mtu akishakupa jina lake huona haya kukudanganya. Huyu alisema anaitwa Randy, na hakuona haya.

Nikachukua moja. Mkono ukaniambia kuna neno. Haikupokea joto vizuri. Nikaiweka kwenye ncha ya kidole nikaigonga kwa nyingine. Fedha hulia kwa muda mrefu, tiiing, kama kengele ya misa kwa mbali. Hii ikasema tak.

"Deo, fungua mkoba wangu. Nipe ndizi."

Ndizi yenyewe ni sumaku ya kubandika kwenye friji, binti yangu Goreth aliniletea, nami natembea nayo kwa kazi hizi. Fedha haishikwi na sumaku, hata kidogo. Nikaisogeza. Dola ya Randy ikairukia ile ndizi kama mtoto anavyorukia ziwa la mama yake!

"Ni hali ya hewa, mama," Randy akasema. "Unyevunyevu."

"Ati unyevunyevu!" Nikainua ndizi juu na dola imening'inia, watu wakaanza kusogea, mmoja akachukua picha kwa simu. Deo akanivuta mkono. "Mama, twende, mtu ana bunduki huyu." Hakuwa na bunduki. Alikuwa na dola za chuma.

Juma lililofuata tulipata duka la kweli, la mzee mmoja aitwaye Walter, anayevaa tai ya kipepeo na anayesema polepole, Mungu ambariki. Akauliza swali wanalouliza wote: "Huyo binti amezaliwa mwaka gani? Watu hupenda dola ya mwaka wa kuzaliwa."

"Tarehe moja Januari, tisini na tano," akajibu Deo.

"Huo ni wa karatasi!" nikasema. "Nadine kazaliwa wakati wa kuvuna maharage, miaka miwili kabla. Nilimpokea mimi kwa mikono hii, wewe ulikuwa unacheza mpira."

"Mama, leseni yake inasema tisini na tano."

"Leseni ilikuwepo siku ile?"

Walter alitutazama mmoja baada ya mwingine. Ikabidi Deo amweleze, kwamba karani wa kambi ya wakimbizi akiona mtu hana cheti, aliandika tarehe moja mwezi wa kwanza, na mwaka alioukisia kwa kukutazama usoni. Mimi, Deo, Goreth, Nadine, hata marehemu mume wangu Mathias, sote tumezaliwa siku moja.

Walter akavua miwani. "Familia nzima?"

"Na majirani," nikasema.

Alicheka mpaka tai ikapinda. Lakini mimi sasa nilikuwa na shida. Nikimpa Nadine dola ya mwaka wa karatasi, nimempa kosa la karani lililogongwa kwenye fedha. Nikimpa ya mwaka wa kweli, kila atakapoionyesha atatakiwa kujieleza. Nikamwambia Walter, "Ondoa hizo zote. Nipe iliyotutangulia sisi sote, na karani pia."

Akaenda nyuma. Akarudi na bahasha ndogo ya karatasi, akaiinamisha juu ya kitambaa, ikateleza nje dola ya mwaka 1884.

Jamani! Upande mmoja kichwa cha mwanamke mwenye shavu nene, upande mwingine tai amekunjua mabawa. Na rangi yake! Katikati kahawia ya chai iliyokolea, halafu kuelekea ukingoni inaingia zambarau na buluu, kama shingo ya njiwa akigeuka juani. Nikasema kwa sauti, "Gaju." Hilo ni jina tunalompa ng'ombe mwenye rangi ya kahawia. Nilitaka ng'ombe, na ng'ombe amekuja.

Walter akaanza kunionyesha jinsi ya kukagua dola. Kabla hajafika mbali nikaweka kidole hewani juu ya nywele zilizo karibu na sikio la mwanamke, kisha juu ya kifua cha tai. "Hapa na hapa ndipo panapolika kwanza," nikasema. Kijiko kinalika mgongoni, kwa sababu ndiko kulikoinuka. Dola ni hivyo hivyo. Kilichoinuka ndicho kinachosuguliwa na dunia. Walter akaniuliza nilikuwa na duka wapi. Nilivimba kichwa, siwafichi.

Tukafika kwenye bei. Nikashtuka. "Chafu hivi, na bei hii?"

"Mama," akasema, "hiyo bei ni kwa ajili ya huo unaouita uchafu. Miaka zaidi ya mia imekaa kwenye karatasi bila kuguswa. Ishike ukingoni tu. Usiifute. Usiioshe. Usiing'arishe."

Deo akanitafsiria mara mbili, ingawa nilikuwa nimeelewa mara ya kwanza. Nikatikisa kichwa kukubali, kama mpishi anavyotikisa kichwa akifundishwa kuchemsha maji na mgeni. Ndani yangu nilijisemea, huyu hajui kung'arisha, kwa hiyo anaogopa.

Tukasafiri. Kutoka hapa hadi Buffalo ni mbali, kwa hiyo tulilala njiani, Columbus, kwa Goreth, mama yake Nadine, anayefanya kazi ghalani kule. Tulifika adhuhuri. Deo akajitupa kwenye kochi akaanza kukoroma na viatu. Goreth alikuwa anamenya ndizi za kupika. Nikaitoa Gaju kwenye bahasha, nikaiweka mezani juu ya kitambaa, nikasubiri anisifu.

Goreth akainama. "Mama... hii ndiyo zawadi?"

"Ndiyo."

"Imetoka kwenye moto?"

Neno lile lilinichoma. Nikaiangalia tena kwa macho ya Goreth, nikaona dola iliyoungua. Na mimi ni nani? Kwetu huendi kwenye sherehe na kitu kichafu. Hata kibuyu cha pombe unakipangusa shingo kabla ya kumkabidhi mwenyeji. Nikajiona nasimama mbele ya marafiki wa Nadine, wasomi watupu, mimi niliyeng'arisha fedha za watu maisha yangu yote, namkabidhi mjukuu wangu fedha nyeusi.

"Una foili, ile karatasi inayong'aa ya kufungia chakula?" nikamuuliza. "Na ile soda ya unga ya maandazi?"

Mnajua nilichofanya. Foili chini ya sufuria, maji ya moto, soda, chumvi kidogo, dola juu yake. Vipovu vikapanda, harufu ya yai bovu ikajaa jikoni, Goreth akafungua dirisha. Kisha chokaa laini yenye maji kidogo, na fulana ya pamba ya Deo, iliyofuliwa, msiwe na wasiwasi. Kwa kunyoosha, kwenda na kurudi, kamwe si kwa kuzungusha. Na jamani, ilitoka nyeupe! Yule mwanamke akatokeza shavu, tai akatokeza kila unyoya. Nikacheza palepale mbele ya jiko, Goreth akanipigia makofi kwa mikono yenye utomvu wa ndizi.

Deo akaamka. Akaja akikuna kichwa, akaiona. "Mama! Walter alisema nini?"

"Walter anauza," nikamjibu. "Mimi nang'arisha."

Asubuhi tukaenda kutafuta kijisanduku kizuri cha kuiwekea, kwenye duka la dola za zamani la pale Columbus. Mwenye duka, Stan, kijana mnene mwenye ndevu, akavaa glavu, akaichukua ukingoni, akaiweka chini ya lenzi. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi!" nikasema, kifua mbele. Kifua mbele, wajukuu zangu!

Alinitazama kama daktari anavyowatazama ndugu wa mgonjwa. Akanisogezea lenzi. Nikaona mikwaruzo myembamba, maelfu, yote imenyooka kama shamba lililolimwa kwa jembe la ng'ombe. Kazi nzuri ya kunyoosha. Stan akaeleza polepole, bila dharau, kwamba hata isingekuwa na mikwaruzo, ule ukahawia ulikuwa ngozi yake, ndiyo dalili kwamba haijaguswa, na hicho ndicho watu wanaokusanya dola wanachokitafuta. Sasa hakuna anayekusanya atakayeitaka. Imebaki na uzito wake tu, kama kijiko.

"Rangi haitarudi?" nikauliza.

"Itarudi yenyewe, kidogo kidogo. Lakini kuwa vile ilivyokuwa? Mama, ile ilichukua miaka mia."

Nilitoka nikakaa garini. Mana yanje, Mungu wangu! Kitu chenye umri, kisichokuwapo nyumbani kwetu, nimekipata, nimekaa nacho siku tano, nimekisugua umri wote kwa nusu saa. Deo hakusema, "Nilikwambia." Hilo lilikuwa baya zaidi. Nikampigia simu Miss Loretta, nikamweleza kila kitu na lenzi pia.

Akaniuliza: "Daphroza. Uliisugua kwa kuzungusha au kwa kunyoosha?"

"Kwa kunyoosha!"

"Angalau hilo." Na akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Wee mama wee. Unadhani kwa nini ya kwangu inang'aa? Niliisugua siku ile ile niliyopewa. Kwa dawa ya meno! Babu yangu alilia."

Deo akasema tununue nyingine kwa Stan, na Goreth akawa tayari kuchangia. Nikarudi ndani nikaitazama, imefungwa kwenye plastiki ngumu, safi, na cheti chake. Ilikuwa nzuri. Lakini sikuisikia mkononi, maana huwezi kuigusa, na isitoshe neno la Stan lilikuwa limeniganda kichwani: miaka mia. Nikamshukuru, tukaingia barabarani, Goreth naye ndani, ndizi zake kwenye ndoo.

Njia nzima niliigeuza ile miaka mia kichwani. Tukalipita ziwa lile lisilo na mwisho, tukaingia Lackawanna, mlangoni mwa Buffalo, penye viwanda vya chuma vilivyozimika, na hapo nikamgonga Deo begani.

"Simama kwenye duka lolote. Nataka bahasha ya karatasi. Ya kawaida, isiyo na plastiki hata kidogo."

"Mama, tunachelewa."

"Bahasha, Deo."

Siku ya mahafali walitutangazia tusipige kelele mpaka majina yote yaishe. Haya. Walipolitaja jina la Nadine, Goreth na mimi tulipiga vigelegele mpaka aliyekuwa jukwaani akapoteza mstari. Mzee wa Kihindi aliyekaa mbele yetu aligeuka, nikadhani anatugombeza, kumbe anauliza tunafanyaje ulimi. Nikamfundisha. Anaitwa Bwana Prakash, na binti yake alipoitwa, alijaribu. Alijaribu!

Sherehe tulifanyia kwa Nadine, Amherst, pembeni mwa Buffalo, ghorofa ya tatu, ndizi, maharage, mishikaki, marafiki zake wamekaa mpaka juu ya kitanda. Ikafika saa ya zawadi. Nikampa bahasha mbele ya watu wote. Akaiinamisha, dola ikateleza kiganjani.

"Bibi! Inang'aa!"

"Inang'aa kwa sababu nimeiharibu."

Nikasema yote, sikuacha kitu, Gaju na rangi zake, Walter, fulana, Stan na lenzi. Nadine amesomea mambo ya maabara. Akaigeuza, akasema neno kwa Kiingereza kwa rafiki yake, wakatikisa kichwa wote wawili. Kisha akanigeukia. "Ni hewa, Bibi. Ni hewa yenyewe inaipaka ile rangi. Sasa mimi niifanye nini?"

"Usiifanye kitu. Kazi yako ndiyo hiyo, na ni ngumu, mimi imenishinda. Ishike ukingoni, irudishe kwenye bahasha, iache. Miaka mia."

"Bibi, miaka mia nitakuwa nimekufa!"

"Ndiyo maana utampa mwanao, naye atampa wake. Ile niliyoinunua ilizeeka kwa watu wengine, Nadine, sijui hata majina yao. Hii itazeekea kwetu."

Goreth akaanza kulia ndani ya sahani. Nadine alinikumbatia, dola ikiwa katikati yetu, halafu akajitoa haraka, akaishika ukingoni. Nikajua imefika.

"Nikikaangia mayai karibu yake, rangi si itarudi haraka?" akaninong'oneza.

"Wee! Thubutu!"

Sasa ninyi wa mahotelini, nimewapa mpira, yai, sumaku, kunyoosha na kutozungusha. Ongezeni hili: ukihamisha mikono yako kutoka kazi moja kwenda nyingine, muulize mwenye kazi hiyo, na akikujibu, msikilize, hata kama anavaa tai ya kipepeo.

Jumapili iliyopita, natoka kanisani, simu ikalia. Picha kutoka kwa Nadine. Dola juu ya karatasi, nyeupe bado, lakini ukingoni, upande wa tai, pameingia ukanda mwembamba wa njano, kama ganda la ndizi linaloanza kuiva. Chini ameandika: Bibi, Gaju anarudi.

Maisha yangu yote nimeufukuza ukungu ule wa njano kwa kitambaa. Nilipiga kelele pale pale kwenye maegesho, nikamwita Deo, nikampigia Miss Loretta, "Imeanza kuchafuka! Imeanza kuchafuka!" mpaka mchungaji akaja kuuliza kuna msiba gani. Picha haikuonekana vizuri juani. Nikatoa kitambaa changu mkobani, nikaanza kufuta, kwa kunyoosha, kwenda na kurudi, na Deo akanidaka mkono.

Simu tu, jamani. Nilikuwa nafuta simu.